Randa ya Watu Wawili

Byeong-u alilisema jambo lile kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema kesho huenda mvua ikanyesha. Alisema randa ile kubwa, ya kumi na nne, ataisawazisha tumbo, yaani upande wa chini unaoteleza juu ya ubao, kabla haijapelekwa kwenye jumba la makumbusho la wilaya, kwa sababu imelika upande mmoja na haipendezi kuonwa na wageni. Bibi Pyo Mal-sun alikuwa na kipande cha kiazi kitamu mdomoni, kimetoka kwenye makaa muda huo huo, na kwa hamaki alikimeza kizimakizima. Kikamuunguza koo mpaka macho yakajaa machozi. Profesa Seon, kwa huruma zake, akampa pole, akidhani anamlilia marehemu mumewe.

"Simlilii mtu," alisema. "Nimeungua. Na hiyo randa asiiguse mtu."

Walikuwa wanne pale karakana. Profesa Seon ni mtaalamu wa vifaa vya kale vya useremala, na kazi iliyomleta ilikuwa kuzitambua randa za marehemu fundi Ma Gil-hwan moja baada ya nyingine, hii ya nini, ya lini, ya mti gani, ilitumikaje, kisha aiandikie kila moja kikaratasi chake. Tak Byeong-u ndiye mwenye karakana. Alikuwa mwanafunzi wa fundi kwa miaka kumi na mmoja, na fundi alipokufa akarithi vifaa vyote. Mke wa Byeong-u, Mama Seung-gyu, alikuwa akiingia na kutoka na sinia ya chai ya shayiri. Wa nne ni Bibi Mal-sun mwenyewe, mjane wa fundi, miaka sabini na tisa, aliyealikwa ili akae kwenye kiti kizuri, apigwe picha na asiseme sana.

Na tuseme kweli, Profesa hakuwa mjinga. Randa kumi na tatu za mwanzo alizipatia zote. Alizigeuza, akazinusa, akapitisha kidole mahali kisu kinapotokeza, akasema hii ni ya kuchimba mfereji wa mlango wa kuteleza, hii ya kuviringa fito za dirisha, hii ya kona. Alijua hata kwamba randa za mababu zilisukumwa kwenda mbele, kwa kijiti kilichopenyezwa ubavuni na kushikwa kwa mikono miwili kama usukani wa baiskeli, na kwamba desturi ya kuivuta randa kuja kifuani ililetwa na Wajapani. Kuna mafundi wa siku hizi wasiolijua hilo. Bibi Mal-sun alikuwa ameanza kumpenda.

Ilipofika ya kumi na nne ndipo mambo yakaharibika. Lilikuwa gogo la mwaloni lenye urefu wa mkono mzima na upana wa viganja viwili, na kisu chake kilinolewa kwa mawimbi matatu. Profesa akasema hiyo ni randa ya miimo ya milango, ya kuchonga nakshi nzima kwa mpigo mmoja, na kwamba za namna hiyo ameziona mbili tu maishani. Hapo alipatia. Kisha akaona matundu mawili upande wa mbele, akayachungulia, akasema ni ya kutundikia ukutani. Akaona randa ilivyolika upande wa kushoto, akasema ni unyevu, na labda ilihifadhiwa vibaya. Byeong-u akaitikia kwa kichwa.

Aliitikia huyo Byeong-u, aliyekula wali wa Bibi Mal-sun miaka kumi na mmoja, aliyefuliwa nguo zake, aliyekandwa mgongo kwa maji ya chumvi alipoangukiwa na mbao, na aliyeona kwa macho yake mawili ni nani aliyekuwa akisimama mbele ya randa ile. Kisha akajitolea kuikwangua, milimita mbili tu. Bibi Mal-sun alihisi mori unampanda kutoka kwenye nyayo.

Randa ile ni ya watu wawili. Mmoja husukuma kutoka nyuma, mwenzake hupitisha kamba kwenye yale matundu na kuvuta huku akienda kinyumenyume, na wasipokwenda kwa pumzi moja kisu hurukaruka na mwimo ukawa kuni. Zamani mvutaji alikuwa mwanafunzi. Lakini mwaka Mal-sun alipoolewa, akiwa na miaka ishirini na miwili, vijana wote wa bonde lile walikuwa wamekimbilia viwanda vya Seoul, na fundi Ma alikuwa amekwisha kupokea kazi ya ukumbi wa wahenga wa Dolgogae, milango kumi na sita, bila mtu wa kumvutia. Siku tatu aliizunguka randa yake asiseme neno. Siku ya nne akafunga mlango wa karakana kwa ndani, akampa mkewe kamba.

Alifunga kwa sababu mwanamke hakutakiwa hata kuiruka kamba ya wino ambayo seremala hupigia mistari, sembuse kushika randa ya milango ya wahenga. Wazee wa ukoo wenye ukumbi ule walileta kichwa cha nguruwe na pombe nyeupe ya mchele kuzitambikia mbao kabla hazijakatwa, na wangejua zimeguswa na mwanamke wangezitia moto. Kwa hiyo mtu akibisha hodi, Mal-sun aliificha kamba ndani ya sketi, akashika bakuli. Fundi aliwaambia wageni, mke wangu ameniletea uji. Uji huo uliletwa miaka thelathini.

Alivuta na mimba, kamba imezungushwa nyongani kwa kuwa tumbo halikumruhusu kuinama. Alivuta na mtoto mgongoni. Karakana ilikuwa nyembamba na upande wa kulia palikuwa na jiko la gundi, basi alisimama kushoto, na randa ikawa inavutika kidogo kushoto, mwaka baada ya mwaka, mpaka tumbo lake likalika upande ule. Siku ukumbi wa Dolgogae ulipofunguliwa wanawake hawakuruhusiwa kuvuka lango. Alisimama nje kwenye matope na mtoto wake, akasikia wanaume wanaisifu milango. Mpaka leo hajaiona ila kwenye picha.

Kwa hiyo kule kulika ndiko kulikokuwa hati yake. Hakuna karatasi yenye jina lake, hakuna picha, na shahidi pekee aliye hai alikuwa ameitikia kwa kichwa. Milimita mbili zikishatoka, miaka thelathini ya Mal-sun itafagiliwa pamoja na maranda.

"Byeong-u," alisema, "hayo matundu ni ya nini?"

Byeong-u alijifanya anatafuta miwani. Akasema hayo ni mambo ya kale, Mama, na Profesa ana safari ndefu.

"Nimekuuliza matundu, sikukuuliza safari."

"Ya kutundikia, Mama. Kama alivyosema Profesa."

"Basi itundike. Chagua ukuta wowote. Ukuta ukidondoka tutajua mwongo nani."

Profesa alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Akamwomba Bibi aeleze. Bibi akaeleza, kuanzia ile siku ya nne mpaka siku fundi alipoishiwa nguvu za kusukuma, hakupunguza chumvi wala hakuongeza. Profesa alimsikiliza kwa adabu kubwa, na ile adabu ndiyo iliyomkera zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya mtu anayesubiri mgonjwa amalize kuweweseka. Alipomaliza, Profesa akamwambia kwa upole kwamba amesoma kumbukumbu zote za mafundi wa milango wa jimbo lile, za miaka mia mbili, na hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mwanamke kwenye randa. Huenda Bibi alisaidia siku moja mbili, na siku hizo zikakua moyoni, jambo ambalo ni la kibinadamu.

"Hizo kumbukumbu waliziandika kina nani?" Bibi akauliza.

"Wazee wa koo, Bibi."

"Ndio hao niliokuwa nawaficha kamba kwenye sketi. Ulitaka waandike nini?"

Masikio ya Profesa yakawa mekundu. Hapo Byeong-u akaona ni wakati wa kumvika Bibi kilemba cha ukoka. Akasema kila mtu anajua Mama alikuwa nguzo ya nyumba ile, kwamba fundi mkubwa huwa na mke mkubwa nyuma yake, kwamba bila uji wa Mama hakuna mlango hata mmoja ambao ungesimama. Bibi Mal-sun alimtazama jinsi midomo yake inavyokwenda. Uji tena. Fundi amekufa miaka ishirini na mitano, na uji bado unapikwa.

Akamgeukia Profesa. Alikumbuka kwamba mtu huyu aliwahi kuandika kijitabu kuhusu marehemu mumewe, miaka sita iliyopita, na akakileta nyumbani kwake kwa mikono miwili, kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Akamuuliza kama bado anakumbuka alichoandika kuhusu miimo ya Dolgogae.

Profesa akachangamka, maana lile lilikuwa jambo alilolipenda kuliko yote. Akaeleza kwamba nakshi za miimo ile zinainama kidogo upande wa kushoto, kidogo mno, jicho la kawaida haliwezi kuona, yeye mwenyewe alizipima wiki nzima. Na kuinama huko si kosa, kwa sababu kuko sawa kwenye milango yote kumi na sita. Ni busara ya fundi Ma, aliyetaka umande wa asubuhi uteremkie upande mmoja usiozeshe karatasi iliyobandikwa milangoni.

"Mjukuu wangu alinisomea ukurasa huo nikacheka mpaka mbavu zikauma," alisema Bibi. "Umande gani, mwanangu? Hiyo ni mimba ya miezi saba."

Mama Seung-gyu, aliyekuwa akikusanya vikombe, alisimama na kikombe kimoja mkononi.

"Milango imeinama, ukaita busara. Randa iliyoichonga imelika upande ule ule, ukaita unyevu. Kitu kimoja hicho. Kikiwa cha mwanamume ni akili, kisipokuwa na mwenyewe ni uharibifu. Pima. Una vyuma vyako hapo, pima."

Profesa akapima. Hilo lazima asifiwe. Angeweza kufunga mkoba wake na kuondoka, lakini akailaza randa chali mezani, akaweka rula ya chuma juu ya tumbo lake, akapenyeza vipande vyake vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi kimoja kimoja chini ya rula na kuandika. Kisha akatoa daftari kuukuu, la Dolgogae, akalifungua kando ya lile jipya. Akatazama huku, akatazama huku. Akapima mara ya pili. Bibi Mal-sun alikula kiazi chote kilichobaki akimngoja.

Mwishowe Profesa alivua miwani. Akasema hesabu ni ile ile. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi la mbao, akainamisha kichwa mpaka karibu na sakafu, akasema, "Bibi, miaka yote hii nimekuwa nikisifu uchovu wako na kumpa mwingine sifa. Nisamehe."

Bibi alimwambia ainuke, suruali itachafuka. Moyo wake ulipaswa kutulia hapo, na haukutulia. Ilimchoma kwamba kumbe vipande vya chuma vinaaminika kuliko mdomo wa mama mzima, na akamwambia hivyo hivyo. Profesa akakubali, akiwa bado amepiga magoti.

Alipoinuka, alirudi kwenye randa. Kuna kitu kingine kilichokuwa kikimsumbua, na watu wa kazi ile kitu kikiwasumbua hawawezi kukiacha. Akasema kule kulika kwa kushoto ni kwa zamani, mbao yake imekwisha kuwa nyeusi. Lakini juu yake kuna kulika kwingine, kwa kulia, kwembamba, na mbao yake bado ni nyeupe. Hakuelewa. Akamuuliza Bibi kama fundi aliwahi kuhamisha lile jiko la gundi.

"Hapana," alisema Bibi. Akaivuta randa magotini pake, akapitisha kidole gumba. Macho yake yamechoka, lakini kidole hakijachoka. Alipapasa bonde lake mwenyewe, refu, laini, analolijua kuliko uso wake. Kisha kidole kikapanda mgongo mdogo na kushuka upande wa pili, mahali ambapo yeye hakuwahi kuvuta maisha yake yote. Akapeleka kucha ndani ya tundu la mbele, akachokoa. Ukatoka uzi mdogo wa nailoni, wa buluu.

Kamba yake yeye ilikuwa ya katani. Nailoni hakuwahi kuitumia, iliteleza.

Alimtazama Byeong-u, na Byeong-u alikuwa akiitazama sakafu. Akasema aliijaribu mara moja tu, na mwanafunzi wake. Bibi akamuuliza mwanafunzi yupi, maana wa mwisho aliondoka miaka tisa iliyopita kwenda Suncheon kufungua duka la kuku wa kukaanga, na mtu hafanyi bonde kama hili kwa mara moja.

"Anayekuvutia anasimama kulia," alisema. "Anatumia mkono wa kushoto."

Akageuka. Mama Seung-gyu alikuwa bado amesimama pale pale mlangoni. Miaka mingi nyuma, siku ya sherehe ya mavuno, Bibi Mal-sun alimkaripia mama huyu mbele ya watu kwa kumenya pea kwa mkono wa kushoto. Sasa alimwita, akamwambia aweke chini vikombe, akamshika mikono yote miwili na kuigeuza. Kiganja cha kushoto kilikuwa na sugu mbili nene, zimepita kwa mshazari kutoka chini ya kidole cha shahada. Mahali pale pale kwenye kiganja chake cha kulia Bibi anazo zake, zimekauka lakini hazijafutika.

"Tangu lini?"

"Miaka tisa, Mama," alisema, kwa sauti ya chini. "Tangu duka la kuku lilipofunguliwa."

Basi ndiyo maana randa ilitakiwa kusawazishwa. Bibi Mal-sun alidhani anafutwa yeye. Kumbe yeye alikuwa amekwisha kufutwa siku nyingi, na aliyekuwa akifutwa siku hiyo alikuwa akimimina chai.

Byeong-u alipoona hakuna pa kukimbilia, alisema yote. Majira ya kuchipua kamati ya jimbo itamtahini, ili awe mrithi wa ufundi anayetambuliwa, na kwenye fomu ameandika kwamba anafanya kazi na msaidizi wa kiume kama desturi inavyotaka. Wazee wa Dolgogae wamempa milango yao aikarabati, na minane imekwisha kurudishwa mahali pake. Wakijua ni nani aliyevuta, wataing'oa. Wakiing'oa, na fomu ikaonekana ni ya uongo, karakana itafungwa, na nakshi ile haitachongwa na mtu tena katika nchi hii. Akasema hapati usingizi. Akasema mwanafunzi wa kweli hakumpata, alitangaza, hakuna aliyekuja. Yote hayo yalikuwa kweli, na Bibi Mal-sun alijua ni kweli.

"Halafu Mama," alisema, "Mwalimu mwenyewe alificha. Mimi nimefanya nilichofundishwa."

Lile lilimpata Bibi Mal-sun. Mumewe hakuwahi kumpiga, wala kumtukana, na samaki akipikwa alimpa yeye tumbo lenye mafuta. Alikuwa na mikono ya simba na ulimi wa panya. Siku aliyovishwa nishani na mkuu wa jimbo, alisimama jukwaani akasema, nimefanya kazi hii peke yangu maisha yangu yote. Na Mal-sun, mstari wa tatu, kwenye nguo yake nzuri ya hariri, alipiga makofi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko lile la mumewe. Alipiga makofi kwa nguvu, na wanawake waliokaa karibu naye wakamwambia hongera kwa uji wako.

"Alificha," alikubali. "Na mimi nilimsaidia kuficha. Huyo nitakutana naye si muda mrefu, nitamwambia mwenyewe, hilo usinifanyie haraka. Lakini wewe uko hapa."

Akamwambia Profesa achukue kalamu. Profesa alikuwa na kile kikaratasi kigumu cheupe kitakachowekwa chini ya randa ndani ya kioo. Akauliza aandike nini, na kwa mara ya kwanza siku ile aliuliza kwa kweli. Akapendekeza: Randa ya miimo, ya watu wawili. Msukumaji, fundi Ma Gil-hwan. Mvutaji, mke wake.

"Mke wake hana jina?"

"Anisamehe Bibi." Akafuta. "Pyo Mal-sun."

"Mal-sun, ndiyo. Baba yangu alinipa jina hilo, lenye neno la mwisho ndani yake, ili binti wa mwisho awe mimi, alikuwa amechoka kupata mabinti. Si jina zuri, lakini ni langu. Andika, na uandike miaka thelathini. Na uandike randa isikwanguliwe."

Profesa aliandika, kwa mwandiko mzuri wa polepole. Kisha akainua kalamu na kutazama lile bonde la pili, jeupe, la upande wa kulia. Akasema yeye ni mtu wa kuandika anachokiona, na hiki nacho amekiona. Lakini hataandika pasipo ruhusa. Akamtazama Byeong-u.

"Hapo umenimaliza," alisema Byeong-u.

Bibi Mal-sun alitaka kufungua mdomo, akajizuia. Lake alikuwa amelidai na amelipata, na bei yake ilikuwa imekwisha kulipwa na marehemu. Hili jingine lilikuwa na karakana juu yake, na chakula cha nyumba. Halikuwa lake. Akamwambia Mama Seung-gyu kwamba hakuna atakayemlaumu akikaa kimya, yeye mwenyewe alikaa kimya miaka hamsini na saba na mbingu hazikuanguka.

Mama Seung-gyu alijifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, upande wa pili. Akamtazama mumewe kwa muda. Hakumtazama kwa ubaya.

"Niandike," alisema.

Byeong-u alikaa juu ya rundo la mbao, akafunika uso kwa mikono. Hakusema asiandikwe.

Profesa akaweka ncha ya kalamu kwenye mstari mpya. Akauliza, kwa adabu ile ile ya mwanzo, "Jina lake nani?" Na kwa kuwa amezoea siku ile kupata majibu yote kwa Bibi Mal-sun, alimuuliza Bibi Mal-sun.

Bibi alifungua mdomo. Alimjua mama huyu tangu alipoletwa bibi harusi, miaka ishirini na mitatu. Alikwenda kumwangalia alipojifungua, akampikia supu ya mwani. Alikuwa amekula kimchi chake cha kabichi kila majira ya baridi, amemwazima sufuria, amemkaripia, amemtuma dukani. Alitafuta kichwani mwake, nyuma ya Mama Seung-gyu, nyuma ya mke wa Byeong-u, nyuma ya we mtoto wa watu, na hakukuta kitu. Aibu ilimpanda usoni, ikamuwaka kuliko kile kiazi.

Alimgeukia. "Unaitwa nani?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ile ya mtu mwenye hasira.

"Ok Yeon-sil."

Profesa hakusikia vizuri. Yeon-sil akarudia, kwa sauti kubwa kidogo, "Ok Yeon-sil." Kisha akasema, bila chuki yoyote, akiwa ameelekeza macho yake kwa mzee yule, "Hujawahi kuniuliza, Mama."

Bibi Mal-sun aliinuka. Alisogeza kiti chake kizuri akampa Yeon-sil akalie. Halafu akamwomba Profesa amsomee alichoandika, polepole, yale majina mawili.